Maji ya Mlango wa Nyuma

Sina mazoea ya kubishana na msemaji matangani. Msemaji amepewa zamu yake, na mtu aliyelelewa vizuri humwacha amalize. Lakini tulipomzika yule aliyekuwa karani mkuu wa ofisi yetu, huko upande wa Bondo, kijana mmoja wa ukoo wake alisimama akasimulia, mbele ya mchungaji na mbele ya jeneza, kwamba marehemu aliwahi kupambana na karani mwenzake aliyekuwa na dawa ya ziwa; kwamba dawa hiyo ilimwagwa mlangoni pa ofisi kila asubuhi; na kwamba marehemu aliishinda kwa kumpa mwenye dawa fahali mmoja mweusi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Karani mwenye dawa katika hadithi hiyo ni mimi. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, nimevaa koti, Biblia mapajani.

Fahali huyo sijapata kumwona. Weusi wake pia siujui umetoka wapi. Miaka iliyopita, hadithi hiyo iliponifikia mara ya kwanza, alikuwa mbuzi. Nimefanya kazi ya serikali tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na kazi ile ilinifunza kwamba jambo lisipoandikwa na aliyelishuhudia, litaandikwa na asiyelishuhudia. Kwa hiyo naliandika. Majina siyataji, kwa kuwa marehemu ameacha watoto wenye heshima zao, na mjane wake ni rafiki wa nyumba yetu hadi leo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vile vikubwa. Ofisi yetu ilikuwa Kisumu, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea gatini, na kazi yetu ilikuwa kutoa leseni za mashua na nyavu kwa watu wa pwani yote ya ziwa. Jengo lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara, nao ulikuwa wa Bwana Mkubwa, Mzungu, na wageni wake. Sisi makarani Waafrika tulipitia nyuma, hata yule aliyeandika Kiingereza kilichonyooka kuliko cha Bwana Mkubwa mwenyewe. Nami nasema hivyo nikijua ninachokisema, maana barua zake nilizisahihisha mimi.

Nilikaa mtaa wa Kaloleni. Asubuhi nilitembea hadi kazini peku, viatu mkononi, kama walivyofanya makarani wengi, kwa sababu kiatu kilichoshindana na vumbi la njia ile kila siku hakikumaliza mwaka. Nyuma ya ofisi palikuwa na bomba. Hapo niliosha miguu. Maji yakashuka katika mfereji mdogo wa saruji uliopita mbele ya kizingiti cha mlango wetu, yakaenda zake kwenye majani. Miguu ilipokuwa ikikauka nilivua kofia, nikauegemea ukuta, nikasali. Nilimshukuru Mungu kwa usiku uliopita, nikamwomba chakula cha siku ile, akili ya kazi, na ulimi usiotukana. Kisha niliwataja wote wa ofisi ile mmoja mmoja kwa jina, kuanzia Bwana Mkubwa hadi mfagiaji. Nikasema amina, nikavaa viatu, nikaingia.

Sasa, ukuta ule wa nyuma ulielekea ziwani, yaani magharibi. Aliyeuegemea asubuhi alilipa jua mgongo. Kwangu jambo hilo halikuwa na maana yoyote zaidi ya kivuli. Lakini anayewajua watu wetu atanielewa nikisema kwamba lilikuwa jambo kubwa. Baba yangu, kabla ya kubatizwa, na baba zetu wote kabla yake, walitoka nje alfajiri wakaligeukia jua linapochomoza, wakalitemea mate ya baraka, wakaliomba liwachomozee vizuri. Mtu wa kwetu asubuhi huelekea mashariki. Hata aliyekwisha kuacha mambo hayo, shingo yake bado inakumbuka. Je, mtu aonekanaye kila asubuhi amelipa jua mgongo, miguu mitupu, maji yakitiririka miguuni pake, midomo ikicheza, macho yamefumbwa kuelekea ziwani, anafanya nini? Laiti wangeniuliza. Hakuna aliyeniuliza.

Karani mkuu wetu wa kwanza, mzee mpole, aliomba kurudi kwao akalime. Kiti chake kikabaki wazi, na waliofaa kukikalia walikuwa wawili: mimi, na mwenzangu huyu ambaye sasa ni marehemu. Yeye alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwandiko wake mzuri. Mimi nilikuwa nimetangulia kuajiriwa, na sikuwahi kupata barua ya onyo. Pamoja na cheo kulikuwa na nyumba, vyumba viwili na jiko lake, mwisho wa mstari wetu pale Kaloleni. Sisi tulikuwa na chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia la maua: wazazi upande huu, watoto watatu upande ule, jiko la makaa mlangoni, na mtoto wa nne alikuwa njiani.

Siku hizo ilijulikana kwamba aliyetaka kupanda cheo humjua kwanza mpishi wa Bwana Mkubwa. Mke wangu alikuja na shauri.

"Ngege wawili tu, Baba Watoto. Wabichi. Niwapeleke mimi mwenyewe kwa mlango wa jikoni."

"Hiyo ni rushwa."

"Rushwa? Samaki? Hiyo ni mboga."

"Mboga ya nani?"

"Ya mpishi."

"Mpishi hagawi vyeo."

"Hagawi. Lakini sikio la anayegawa liko juu ya sahani yake."

Nilicheka, na nikakataa. Nataka ieleweke kwamba sikukataa kwa sababu sikukitaka cheo. Nilikitaka. Nilikitaka hata nikaota nimeketi pale, nimeweka kofia juu ya kabati kama yule mzee. Nilichokataa ni kukifuata kwa magoti ambayo nilikuwa nimekwisha kumpa Mwingine. Nilikuwa nimemwambia Mungu, kwa maneno dhahiri, kwamba kazi yangu ni kufanya kazi, na kupanda kwangu ni juu yake. Nami sikuona namna ya kumwambia hivyo asubuhi, kisha jioni nikamtumia msaidizi jikoni.

Mwenzangu alipeleka ngege. Alipeleka kila Ijumaa. Sisemi kwamba ngege ndio waliompa cheo. Ushahidi sina, na mtu asiye na ushahidi afunge kinywa. Nasema tu kwamba walipelekwa, na kwamba cheo alikipata yeye.

Iliniuma. Mke wangu hakunilaumu kwa maneno. Alilifua tu lile pazia, mara mbili katika juma lile, akalianika mahali ambapo nisingeweza kupita bila kuliona. Tulimsaidia mwenzangu na mkewe kuhamia nyumba ya vyumba viwili. Nilibeba kitanda chao mimi mwenyewe, upande wa kichwani.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza. Karani mkuu mpya, ambaye tangu tujuane hakuwahi kuchelewa, akaanza kuchelewa. Alikuja mapema, amevaa vizuri, kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu, lakini akifika pembeni ya jengo alisimama akautazama mfereji. Ukiwa na maji, alirudi. Akavuka barabara akasimama barazani pa duka la Mhindi mwuza vitambaa, ambako mfereji ulionekana kwa ubavuni mwa jengo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kanga. Na kwa kuwa upande ule wa nyuma ya ofisi ulikuwa kivulini asubuhi yote, maji hayakuwa na haraka ya kukauka. Alipoona hawezi kungoja zaidi alikuja kwa kasi, akaruka. Nasema akaruka: mtu mzima, karani mkuu, mkoba kifuani, miguu yote miwili hewani, kama mbuzi anayevuka kijito.

Mhindi huyo, mzee mchangamfu ambaye kila siku alisali kwa njia ya kwao kabla ya kufungua duka, siku moja aliniita.

"Karani! Mkubwa wako leo iko ruka tena. Kwao hakuna maji?"

"Labda anaogopa viatu vilowe, Mzee."

"Viatu? Asubuhi yote simama baraza yangu, kitambaa hata moja hapana nunua. Mimi taka yeye lipa kodi."

Nilidhani mwenzangu ni mgonjwa. Naapa sikufikiri zaidi ya hapo, na asubuhi iliyofuata niliosha miguu kama kawaida, nikamtaja katika sala kama kawaida.

Bwana Mkubwa hakuwa mtu wa kudhani. Ijumaa moja aliniita ndani, akafunga mlango.

"Mwenzako amechelewa juma zima tena," alisema. "Nimemwonya mara ya mwisho. Akichelewa Jumatatu, namshusha, na kiti ni chako. Wewe unajua sababu?"

"Sijui, Bwana."

Na kwa saa ile, sikujua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sitaki kuipamba. Niliona mkono wa Mungu waziwazi. Nilikuwa sijapeleka hata dagaa mmoja kwa mtu, na tazama, kiti kinakuja chenyewe! Nilimkuta mke wangu anatoka kwenye bomba la mtaa, ndoo kichwani, uso wake umebadilika. Hakungoja nianze.

"Mke wa karani mkuu amenivuta kando pale bombani," alisema. "Analia. Anasema nikuombe uwahurumie. Uyageuze maji yako upande mwingine."

"Maji gani?"

"Unayomwaga mlangoni. Anasema mumewe hali, halali. Anasema wewe hulipa jua mgongo, ukalisemea ziwa, halafu ukaachilia maji pale ili akiyakanyaga kiti kimtupe."

Nilisimama pale nisijue nicheke au nikasirike. Kwanza nilikasirika. Mimi, mzee wa kanisa mtarajiwa, mganga! Kisha nikamweleza aliyoyasema Bwana Mkubwa. Mke wangu aliitua ndoo chini taratibu, asimwage hata tone.

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

Kisha akaanza kuniuliza kama wakili.

"Wewe umemwaga dawa?"

"Sijamwaga."

"Umemwambia asiingie?"

"Sijamwambia."

"Umefanya nini?"

"Nimeosha miguu."

"Basi Jumatatu nenda ukaoshe miguu. Mengine mwachie Mungu. Si ndiye unayemtegemea? Nilipotaka kupeleka samaki ulisema kupanda kwako kuko juu yake. Sasa anakupandisha, unatafuta nini?"

Nakiri hoja yake ilikuwa imejengwa vizuri kuliko nyingi nilizosikia ofisini. Nilitafuta jibu jioni nzima. Kuku wa jirani waliingia wakatoka, watoto wakala wakalala nyuma ya pazia, nami natafuta. Hatimaye nilimwambia, "Mama Watoto, Mungu hana haja ya kuazima uongo ili amlipe mtu wake."

"Uongo wa nani? Wako?"

"Ni wake yeye anayeuamini. Lakini ufunguo wa kumtoa humo ninao mimi. Nikinyamaza nao mfukoni, kiti kile nitakuwa nimepewa na mganga. Mganga huyo hayupo, na bado nitakuwa nimepewa naye."

"Na vyumba viwili?"

"Aliyetupa kimoja hajafa."

Jumapili kanisani mwenzangu alikaa mbele kama siku zote, akaimba besi kama siku zote, na wakati wa kutoka akapita mbali nami, akichunga kivuli changu kisimguse. Mke wangu aliliona hilo. Aliwaona pia watoto wao, wamevaa nguo za Jumapili, wameambiwa wasinipe mkono. Jumatatu asubuhi, nilipokuwa natafuta viatu, nilikuta ameviweka mlangoni, vimepakwa rangi.

"Nenda mapema," alisema, bila kunitazama. "Ukimkosa njiani, atasimama barazani pa Mhindi mpaka kiti kiwe chako."

Nilimkuta palepale, anakagua vitambaa. Nilimsalimu. Akarudi nyuma, mgongo ukagonga mlango wa duka.

"Omera," nilimwambia, kwa neno letu la ndugu kwa ndugu, "twende nyuma ya ofisi. Njoo usikie ninayoyasema pale."

"Mimi? Nikasikie? Hapana, bwana. Niambie tu unataka nini. Ng'ombe? Mbuzi? Nitakupa."

"Sitaki mbuzi."

"Basi ni ng'ombe."

"Sitaki kitu. Bwana Mkubwa ameapa kukushusha leo ukichelewa, na anayepewa kiti ni mimi. Je, mwenye dawa angekuja kukwambia hivyo?"

Alikuwa mtu mwenye akili. Hilo sijawahi kulikana.

"Labda ndiyo ujanja wenyewe," alisema.

"Labda. Lakini saa inakwenda."

Alinifuata, kwa umbali wa mtu anayemfuata mbwa asiyemjua. Nilifungua bomba, nikaosha miguu, maji yakashuka. Nikavua kofia, nikauegemea ukuta.

"Geuka!" alisema. "Kama ni sala ya kweli, geuka ulitazame jua."

Nilitoka kivulini, nikapita pembe ya jengo, nikaligeukia jua mpaka macho yakatoka machozi, nikasali kwa sauti. Sikuongeza wala kupunguza. Nilishukuru kwa usiku, nikaomba chakula, akili, na ulimi usiotukana, na siku ile ombi hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake. Kisha nikaanza majina. Nilimtaja Bwana Mkubwa. Nikamtaja yeye, kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, nikaomba Mungu ampe nguvu katika cheo chake na amani katika nyumba yake. Nikaendelea hadi mfagiaji. Amina.

Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Hunitaji hivyo kila siku," alisema.

"Kila siku ya kazi."

"Hata siku nilipochukua kiti?"

"Siku hiyo pia. Siku hiyo ilikuwa shida kulitamka, lakini nilikutaja."

Alicheka, kicheko kifupi, kikakatika. Akaenda hadi kwenye mfereji. Maji yalikuwa bado yanapita. Aliinua mguu mmoja, akaushusha polepole, kiatu na soksi, katikati ya maji, kama mtu anayepima kina cha mto asioujua. Akasimama hapo. Hakuna kilichomtupa. Akaleta na mguu wa pili. Kisha akapanda kizingiti, akaingia, akiacha nyayo zilizolowa sakafuni kote hadi kwenye kiti chake. Bwana Mkubwa alipofika alimkuta ameketi anaandika. Alitazama saa, akanitazama mimi, akaingia chumbani mwake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na fahali. Palikuwa na soksi mbili zilizolowa, na mke wangu anaweza kushuhudia, maana mke wa mwenzangu alizianika kambani mchana ule, akamwita azione, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu.

Kiti kile sikukikalia kamwe. Mwenzangu alikitumikia vizuri, akaacha mambo ya ngege, nami nilikuwa chini yake mpaka alipohamishwa. Na baada yake aliletwa mtu kutoka nje. Nilistaafu karani wa pili. Wako wanaosema kwamba niliiuza bahati yangu, na wako wanaosema, kama yule kijana wa matangani, kwamba niliiuza dawa yangu. Wote wanakosea, na wote kwa kosa moja: hawawezi kuamini kwamba mtu aliona cheo kiko umbali wa mkono, akakiacha, na bado akalala usingizi. Nililala. Mtoto wa nne alizaliwa nyuma ya pazia lile, na wawili zaidi baada yake. Wote walisoma. Hatukukosa chakula, ingawa mara nyingi tulikijua kikiwa tayari kimefika. Sisemi Mungu alinilipa, sikuwa namdai. Nasema alinitunza, na hilo nalisema bila kusitasita, kama mtu anayetia sahihi.

Baada ya maziko, watu walipokuwa wakitawanyika, mjane aliniita kando. Alikuwa amemsikia yule kijana, akataka kuniomba radhi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mumewe, tangu Jumatatu ile mpaka juma alilofariki, alitoka nje kila asubuhi akaosha miguu, akasali sala ile ile, mwisho akataja majina, langu likiwa la kwanza.

"Lakini, shemeji," alisema, "hadi mwisho alilipa jua mgongo. Nilimwambia upande si kitu, wewe mwenyewe ulikwisha kumwonyesha. Alikataa. Alisema wewe ulisali hivyo miaka yote, naye hawezi kuhatarisha."

Nilijaribu kukasirika, kwa kuwa jambo hilo halikuwa sawa, na mtu anayependa mambo yawe sawa angepaswa kulisahihisha. Sikuweza. Yule mtu alilitaja jina langu mbele za Mungu asubuhi zote hizo, nami sikujua. Kuhusu upande aliosimama, hilo naliacha wazi katika kumbukumbu hizi. Anayesikiliza sala hana upande wa mgongo.